Kazi Aliyoifanya Habonimana

Ndugu waombolezaji, kwetu mtoto mdogo huzikwa kimya kimya, bila wasifu. Jana Babu Pasikali, mzee wa kijiji chetu, aliuliza, "Kitoto hiki kisomewe nini?" Mama wa mtoto, Esteri, alijibu, "Kisomewe kazi yake." Basi tunaisoma.

Marehemu Habonimana Ildefonsi alizaliwa tarehe 12 Februari 2023 mjini Kibondo, mtoto wa kwanza wa Ildefonsi na Esteri, wakulima wa Kitanga, Kasulu. Degedege lilimshika siku hiyo hiyo na halikumwachia. Hakukaa, hakutambaa, shule hakuiona. Ila masikio alikuwa nayo! Bibi yake Theodosia akipepeta maharage, Habonimana alicheka mpaka bibi mwenyewe akasahau anachopepeta.

Mwaka 2024 watafiti wa magonjwa ya ubongo kwa watoto wachanga waliomba damu yake na ya wazazi wake. Muuguzi Nadine alipotamka "ugonjwa wa kurithi", Bibi Theodosia alikuja juu: "Iwacu, kwetu hapa, degedege hakuna! Limetoka Busunzu, kwa mama yake." Esteri akafunga virago arudi kwao. Nadine akawaketisha wote. "Bibi, kila mzazi katoa nusu. Mwanao naye katoa." Bibi akaufungua mzigo wa mkwewe kwa mikono yake.

Majibu yalionyesha kasoro ndogo ya urithi inayoufanya ubongo uhitaji vitamini moja kwa wingi, na vidonge vyake vipo. Habonimana alipoanza kuvinywa, degedege likakoma. Lakini ubongo ulikuwa umeshaumia, na Esteri alilia sana kwa dawa iliyochelewa.

Mimba ya pili aliibeba kwa hofu. Mei 2025 akamzaa Prudence. Kwa sababu ya kaka yake, madaktari walijua cha kutafuta, wakampa dawa siku ile ile. Damu yake ilipopimwa, kasoro ilikuwa ni ile ile.

Mwishoni mwa Julai Habonimana aliugua nimonia. Alifariki tarehe 3 Agosti 2025, hospitalini Kasulu, mikononi mwa mama yake aliyekuwa akimwita tu, "Mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu.

Ameacha baba, mama, bibi, na mdogo wake Prudence, ambaye hajashikwa na degedege hata mara moja.

Lala kwa amani, mtoto wetu.