Shemeji Yangu Rudisha, Fundi wa Televisheni na Mbishi wa Filamu

Ndugu, jamaa na majirani, kazi ya kusoma maisha ya marehemu nimepewa mimi, mdogo wa mke wake, dereva wa lori mstaafu, na kama kuna anayeshangaa kwa nini asome yule aliyekuwa akibishana naye kila Jumamosi, marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, akisema angalau siku hiyo nitalazimika kumsifu mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne wa baba mshona viatu na mama muuza maziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akachapwa zaidi ya mara moja kwa kuifungua kengele ya shule aone inalilia wapi, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea redio, akahitimu Desemba 1969.

Baada ya kuajiriwa kwa miaka minane, mwaka 1978 alifungua karakana yake mkabala na posta, chumba kimoja chenye meza ndefu na benchi la wateja, na kwake televisheni iliyopona haikutoka mpaka ijaribiwe kwa filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, mteja apende asipende. Kanda za video zilipoingia mjini ndipo alipopata jina, kwa sababu kila palipomfurahisha alisema “rudisha nyuma”, tukarudishiwa mara tatu mlango uleule ukifungwa, mpaka watoto wa mtaani wakamwita Mzee Rudisha naye bado kijana.

Dada yangu alikwenda pale kuchukua televisheni ya baba, akaambiwa iko tayari ila filamu haijaisha, akakaa, akasinzia, na alipoamka akaulizwa ameionaje, akajibu kwamba picha ni safi ila hiyo filamu hata yeye fundi angeilala. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, ambao mnawaona hapa.

Sasa niseme la ubishi, maana nikiliruka mtasema nimesoma historia ya mtu mwingine. Marehemu alimpenda mwongozaji mmoja wa filamu tuliyempachika jina la Taratibu, ambaye katika filamu zake birika likiwekwa motoni utalisubiri mpaka lichemke, nami nilikuwa na wangu, Chapuchapu, ambaye hakupi nafasi ya kupiga chafya. Nilimwambia Chapuchapu anajaza kumbi, akanijibu kwamba kujaza watu si hoja, hata ajali hujaza watu, na nilipomwambia kizuri chajiuza, akaniuliza mbona basi cha Chapuchapu kimebandikwa mabango mji mzima. Dada yangu alipoombwa kuamua alisema filamu zote za Taratibu amezilala, na kila alipoamka alikuta hajapitwa na kitu, jambo ambalo mimi nililiita ushahidi na mume wake akaliita sifa.

Kipimo chake kilikuwa kimoja, nacho hakukibadilisha maisha yake yote, kwamba filamu nzuri ni ile ambayo mwisho wake unaujua na bado unataka kuirudia. Mwaka 1984 nilimpelekea filamu ya Chapuchapu niipendayo kuliko zote, ya lori lililokatika breki mlimani, akaitazama, akanirudishia kanda na kusema ameona, lori linasimama, arudie nini? Tangu hapo nilimbembeleza airudie, nilimtania, nilimnunia, wapi! Mzee aligoma kabisa, na jamani, hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kumwonyesha.

Novemba 2021 alianza kulalamika tumbo, na baada ya vipimo akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa miezi kadhaa, mpaka mwezi Mei daktari alipotuita na kutueleza bila kuficha kwamba hakuna la kufanya zaidi. Marehemu alimshukuru, akavaa kofia yake, na mlangoni akanigeukia akasema, haya, shemeji, mwisho tumeshaujua, nenda kaniletee lile lori lako.

Tulilitazama Jumamosi, tarehe 4 Juni 2022, mchana, yeye kitandani na mimi kwenye stuli kama mtahiniwa. Ilipofika pale dereva anapoliongelesha lori lake kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa, ndipo aliponyoosha kidole na kumwambia binti yake mkubwa, rudisha nyuma. Alirudishiwa mara mbili. Sikumuuliza hukumu siku hiyo, kwa kuwa alikuwa amechoka na Jumamosi nyingine ilikuwa njiani, lakini Alhamisi, tarehe 9 Juni, saa kumi alasiri, alitutoka akiwa nyumbani, mkono wake ndani ya mkono wa dada yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa kutuambia ukweli kwa huruma, nyinyi majirani kwa kutopika nyumbani kwenu mpaka mjue sisi tumekula, mafundi wenzake walioifunga karakana leo, na nyinyi wateja mliokalia lile benchi. Shemeji, ungewaona walivyojaa mpaka barabarani, ungekubali kwamba kujaza watu nako ni hoja.

Na kwa sheria yako mwenyewe, filamu umeirudia ukijua mwisho wake, kwa hiyo nimeshinda, ushindi nilioungojea tangu 1984, na sasa nimeupata lakini sina wa kumtambia. Au ulinipa tu, kwa kunionea huruma, na hilo nalo siwezi kukuuliza. Pumzika kwa amani, shemeji yangu. Jumamosi nitakaa kwenye benchi lako nibishe pande zote mbili, na upande wako, nakuapia, sitaupunja.