Swali Lililofutwa Bungeni

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Chaki, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1944, katika nyumba za watumishi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa injini na mkunga.

Alisoma shule ya misheni tangu 1952 hadi 1959, kisha sekondari na chuo cha ualimu, akafundisha hesabu kwa miaka kumi na mitano, na mikono ya koti lake ilikuwa myeupe hata siku ya harusi yake, tarehe 6 Aprili 1968, alipomwoa muuguzi, binti wa seremala, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1980 alichaguliwa kuwa mbunge. Jumatatu tarehe 7 Septemba 1987 benki kubwa ilifunga milango, na mkwewe, yule seremala, alipanga foleni kwenye ngazi zake kwa siku tatu, na siku ya tatu akaanguka hapo hapo, akafa akiwa ameshika kitabu chake cha akiba.

Wiki mbili baadaye, tarehe 22 Septemba, serikali ilileta muswada wa kuwaokoa wenye benki, na wenye akiba wakaambiwa wawe na subira. Marehemu alisimama kuupinga, na Waziri wa Fedha akamkatiza, "Kaa chini, mwalimu, hii si hesabu ya darasa la nne." Wenzake wakacheka, naye hakukaa. Spika akaamuru maneno yake yafutwe katika kumbukumbu za Bunge, na yakafutwa.

Ila kwa utaratibu wa wakati ule, karani alimpelekea kila mbunge nakala ya hotuba yake aihakiki kabla ya kuchapwa, na nakala ya marehemu ilikwisha kutumwa, amri ya Spika ikachelewa kumfikia karani. Marehemu aliitia sahihi, hakuirudisha, akaiweka kabatini chini ya mashuka kwa miaka ishirini na moja.

Alianza kuugua figo Januari 2009, akafariki Jumapili tarehe 17 Mei, saa kumi na moja alfajiri, wadi namba nne. Siku tisa kabla alimpa mdogo wake karatasi hiyo, akaagiza mambo mawili, kwamba aliyekuwa Waziri wa Fedha aalikwe na apewe kiti cha mbele, na kwamba isomwe bila kupunguza neno. Mzee amekuja, amekaa, tunamshukuru. Inasema hivi:

"Mheshimiwa Spika, Waziri anatuomba tuwaonee huruma wenye benki. Yeye alitoa akiba yake yote Ijumaa tarehe 4, milango ikafungwa Jumatatu tarehe 7. Ninamwuliza, nani alimnong'oneza, na kwa nini hakumnong'oneza seremala?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi namba nne, majirani waliopokezana kulala hospitali, na wabunge kumi na mmoja waliopiga kura pamoja naye, ambao ni wawili tu walio hai, nao wapo hapa. Yule karani pia yupo, tunamshukuru kwa haraka yake.

Kaka, pumzika kwa amani. Swali limesikika, na mwenye jibu bado yu hai.