Mti wa Asili, Mafi Rangi

Sogeeni, wanangu Jeremiah na Lois, mkae ninapoweza kuwaona, na huo mkebe wa rangi ya viatu, Jeremiah, kautoe nje, kwa sababu najua kafili, yule Mwarabu tajiri wetu mwenye vibali vyetu, ndiye aliyekutuma, na najua anangoja nikate roho ndipo muwapake wanasesere wangu weusi tititi, wafanane wote, wauzwe kule sokoni Dira kama mpingo. Nimekataa. Nilikataa nikiwa mzima, nakataa nikiwa hoi kitandani hapa ugenini Malaz, na nikishakufa mtakataa nyinyi.

Kazi hii nilifunzwa na Bwana Endo, mhandisi wa Kijapani aliyenikuta karakanani mtaa wa Manfuha nikichonga twiga. Kwao mwanasesere wa mbao hana mikono wala miguu, ni kichwa na kiwiliwili tu, na fundi hagusi patasi kabla ya kuzisoma nyuzi za mbao, ajue zitaangukia wapi ziwe nguo ya mwanasesere. Mbao sikuwa nazo, nikaokota boriti za nyumba ya udongo iliyokuwa ikibomolewa, nikamwuliza mzee mwenye nyumba ni mti gani. Akasema, "Athli." Masikio yangu ya Kikamba yakasikia "asili". Nikajiambia, kama mwenyewe kasema ni asili, mimi ni nani niupake rangi? Miaka ilipita kabla sijajua kwamba athli ni jina la mti tu. Mlinicheka, nami nikacheka. Lakini sikubadili kazi yangu, wala sijuti.

Lois, keezo, hiyo mashine ya kukerezea, na patasi zote ni zako, nenda ukakereze nazo kwetu Wamunyu. Watasema mwanamke hakai kwenye keezo. Waache waseme mpaka wachoke. Jeremiah, usinune, mwanangu, nakupenda. Wewe utamwambia kafili kwa Kiarabu chetu cha kazini, "mafi rangi, halas", hakuna rangi, basi, umwambie bila kuinamisha kichwa, na akifoka, mwambie ni baba aliyekataza, aje anifokee mimi kaburini.

Nipeni maji... Huyu wa mwisho, mwenye tundu la msumari tumboni, msilizibe. Msumari huo ulishika paa la watu. Nizikeni naye. Na ile rangi... pakeni viatu vyenu, mnizike mkiwa nadhifu.

Mungu awape mikono... mikono isiyotetemeka. Na mkiulizwa ni mti gani... semeni... asili.