Niliisikia Sauti ya Barasa Kwenye Filamu ya Roki

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena! Wengi wenu mnanijua mimi Rosa kama yule mama wa Makongeni anayetoka nje nyimbo za sifa zikianza. Leo niacheni niseme kwa nini.

Mume wangu Barasa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Industrial Area. Akitoka kazini alipiga gita la besi katika bendi ya rafiki yake Oti, mtaa wa Tena. Bendi ya roki, ndugu zangu, ile ya kelele! Jumapili alipiga hapa hapa, nami nikiongoza nyimbo. Asubuhi moja alienda kazini akiwa mzima, akaanguka huko. Nilipofika hospitali, alikuwa ameshafariki.

Nilimzika, nikalia, nikadhani yameisha. Wapi! Gita likilia kanisani, kifua kinabana, nakimbilia nje. Kuimba ndiyo nikaacha kabisa. Halafu simu iliyokuwa na sauti yake ikaibwa sokoni. Siku moja nikiwa nafua, nikajaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita. Sikupata kitu! Sura naiona, sauti hakuna. Nikamwambia Mungu, "Umemchukua yeye, na sauti pia?" Tangu hapo sikuomba. Nilikuja kanisani kwa mazoea tu.

Majuzi kukawa na tamasha la filamu kwenye ukumbi mmoja huku mtaani. Nekesa, dada yake Barasa, akaja mbio.

"Mama Joy, wanaonyesha maisha ya Oti kwenye filamu! Twende."

"Mimi na roki wapi na wapi, wifi?"

"Tutakaa karibu na mlango. Ukishindwa, tunatoka."

Tukaenda. Vijana walijaa, salamu za "niaje" kila upande. Filamu ikaanza: Oti jukwaani, Oti akiyumba kwa pombe, Oti akieleza alivyoinuka. Magita yakanguruma, kifua kikabana. Nikasimama nitoke. Nekesa akanivuta leso. "Wifi, ngoja! Tazama!"

Barasa huyo!

Amejaa ukuta mzima, amevaa ovaroli yake ya kazi, anakaza nyuzi za gita. Mtu anamuuliza kama kanisani kwao wanajua anapiga roki. Akacheka. "Wanajua sana! Lakini niwaambie, Rosa wangu akiimba Jumapili, mimi nasahau hata nyuzi ziko wapi. Huyo Rosa, Mungu alimpendelea. Msimwambie nimesema, ataniringia!"

Ndugu zangu, nilipiga ukelele! "Ni yeye! Ni sauti yake!" Ukumbi mzima ukageuka. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja mwenye pete puani akanishika mkono. "Keti, mathe. Tuko na wewe."

Nikaketi, nikalia, na kifua kikafunguka! Aleluya! Katikati ya kelele zile nikaomba kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kufua: "Bwana, kumbe ulimtunza mahali ambapo mimi nisingetafuta!"

Filamu ilipokwisha, Oti mwenyewe, aliyekuwa mle ukumbini, alinikumbatia, akanitumia kipande kile kwenye simu. Mtoto wetu Joy alikuwa mchanga babake alipofariki. Nyumbani alisikiliza, kisha akauliza, "Mama, naweza kumsikia tena?" Nikamwambia, msikilize mpaka betri iishe!

Jumapili iliyopita mliniona. Gita lilipoanza, nikashika kiti cha mbele yangu, sikutoka. Wimbo wa pili nikaimba. Sauti ilikwaruza kama mlango mkuukuu, lakini niliimba! Asante, Yesu!

Kama umefiwa, na huna tena la kumwambia Mungu, sikuja kukukemea. Nimekaa hapo ulipo. Mwamini tu, hata ukiwa umemkasirikia. Yeye haogopi hasira zako, na ana njia ambazo hata mchungaji wetu hazijui! Njoo hapa mbele, nitakaa nawe.

Wapiga vyombo, anzeni. Leo naongoza mimi.