Avelina na Shimo la Mchanga la Madale

Ndugu waombolezaji, mimi ni Deogratias, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu Avelina Romani, aliyezaliwa Newala tarehe 14 Machi 1951, akamaliza shule ya msingi huko huko mwaka 1966, kisha akaja Dar es Salaam na kuajiriwa katika kiwanda cha nguo tangu 1970 hadi alipopunguzwa kazi mwaka 1989.

Tarehe 6 Mei 1972 alifunga ndoa na shemeji yetu Albano, kanisani Temeke, wakajaliwa watoto wawili, Jenipher na Benedicta.

Kiinua mgongo alikifanya mtaji wa kufyatua matofali ya saruji hapa Madale, akishirikiana na Mzee Mfaume mwenye lori, na tangu mwanzo walikubaliana kwamba hakuna atakayechimba mchanga katika shimo lao bila mwenzake kuridhia, na kwamba majirani wanaoishi juu ya shimo nao wataitwa kikaoni. Juni 1997 ukingo ulipoanza kupasuka, wateja wakiwa bado foleni, dada alisema, "Mie sichimbi chini ya vitanda vya watu," na Mzee Mfaume akakubali, japo lori lake halikuwa na kazi nyingine.

Wiki hiyo walikuja wanaume tusiowajua, waliotaka mchanga, wakamwambia, "Mama, ukilifunga hili shimo, sie tutalifungua na wewe ukiwemo ndani." Aliogopa, lakini alilifunga, na tangu hapo hakutoka tena peke yake.

Tarehe 9 Desemba mvua ilipozidi, alipita nami nyumba kwa nyumba akigonga milango, "Tokeni, hapa hapakaliki!" na jioni ukingo ukaporomoka na jiko la jirani yetu Bakari, watu wote wakiwa sebuleni kwa dada. Hakufa mtu, ila hofu haikumtoka, kila wingu likitanda presha ilimpanda, na tarehe 2 Mei 1998 alianguka uani, akapelekwa hospitali, akafariki tarehe 4 alfajiri.

Jana, tukiwa hapa msibani, malori mawili yalikuja shimoni, shemeji Albano akainuka mkekani akaenda kusimama mbele ya malori, Mzee Mfaume akamfuata, kisha akina mama, yakageuza. Dereva mmoja alisema watarudi tukishazika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wa matofali, na ninyi nyote. Tukitoka makaburini tafadhali tusitawanyike, tupitie shimoni kwanza, sote.

Wewe dada, lala sasa, usiogope tena.