Jicho la Upepo

Msusi alitaka kusinzia ndani ya basi, lakini sikio halina pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, mwanamke alimwambia jirani yake, "Kaka, funga dirisha, upepo unaniumiza."

Jirani, kinyozi wa mtaani kwao msusi, mgonjwa wa maneno ya Kiingereza, akafurahi kama kaulizwa habari za watoto. "Dada, unajua 'window' asili yake ni jicho la upepo?"

"Nimeomba ufunge, sijaomba somo."

Alifunga dirisha, mdomo ukamshinda kufunga. "Zamani halikuwa na kioo. Tundu tu, upepo unachungulia ndani."

Mwanamke alikitazama kioo kilichofungwa. "Mama yangu haoni tena," akasema. "Kila asubuhi ananiambia, fungua dirisha nione kama kumekucha. Nakataa, asije akabanwa na kifua. Tunagombana."

"Labda anaona kwa jicho hilo, dada."

"Na akiugua, utamuuguza wewe?" Lakini sauti ilikuwa imelainika.

Basi likasimama kwenye kituo cha yule mwanamke. Kabla ya kushuka, aliinama juu ya magoti ya kinyozi, akalisukuma dirisha mpaka mwisho.

Baridi ikamvaa msusi shingoni. Hakuthubutu kumwambia mtu alifunge.