Kwa Nini Hamido, Kwa Nini Si Jafar

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Zuberi, kaa hapo miguuni pangu. Dalila, simu iweke juu ya mto, ifungulie sauti, kaka yako Jafar asikie huko Dar es Salaam aliko. Dotora Otília, daktari wetu, nawe usitoke. Wewe si mwanangu, lakini mwenye kuacha wosia anahitaji shahidi, na mengi nitakayosema yalianza siku ulipoingia nyumba hii. Mimi Chamima binti Selemane akili zangu ninazo, mwili tu ndio umechoka.

Nianze na mali, maana ni chache. Shamba la mikorosho la Mbau na nyumba hii mtagawana kama dini inavyoelekeza, shehe atawapigia hesabu, na asiwepo wa kumpunja Jafar kwa kuwa yuko mbali. Lakini theluthi nimeruhusiwa niielekeze nitakako, nayo ni vile vyumba viwili vya uani vyenye mlango wa barabarani. Tangu gesi ionekane baharini huko Palma, kodi za hapa Mocímboa zimepanda mpaka daktari aliyeletwa na serikali anazunguka mji mzima akitafuta pa kulala. Vyumba hivyo ni vya madaktari vijana wanaokuja kujifunza utafiti wa ukimwi na uraibu wa unga, wakae bila kodi. Najua, Zuberi, mtu wa hoteli amekwisha kuja kuvipima. Mwambie mama amekataa.

Sasa sikilizeni sababu yake. Hamido na Jafar niliwazaa wakifuatana, wakalala kitanda kimoja mpaka wakaota ndevu. Watu wa gesi walipotafuta vibarua wa kufyeka njia za upimaji, walikwenda pamoja, na fedha ilipoingia mfukoni wakaanza unga pamoja, kwanza wa kuvuta, baadaye wa kujidunga, sindano moja wakipokezana. Virusi wakavipata pamoja, wakapewa dawa zilezile. Hamido akaziacha, akafa. Jafar hakuziacha. Mimi niliyewanyonyesha wote wawili sikujua kwa nini, na sijui mpaka leo, na jambo hili linanikosesha raha kuliko ugonjwa huu nilio nao.

Majibu nililetewa mengi. Huyu alisema jini, yule akasema laana, mwingine malezi. Wewe, Zuberi, ulisema uvivu, ukamfunga Jafar kamba ghalani ili unga umtoke, akatapika na kulia, na alipojinasua akakimbilia kulekule. Tangu siku hiyo hamsemezani.

Arobaini ya Hamido ilipopita ndipo dotora huyu alipopiga hodi. Nilidhani amekuja kunihubiria. Akakaa mkekani, akaniuliza, "Mama, Hamido alikuwa akiamka katika hali gani?" Nikamweleza kwamba aliamka na arosto, ile hali ya mwili kuudai unga, jasho linamtoka, tumbo linamkata, hasimami mpaka apate unga wa kumtuliza. "Na dawa za virusi alikwenda kuzichukua wakati gani?" Asubuhi, nikamwambia, kwenye foleni kama watu wote. Akaandika. "Basi ndiyo sababu?" nikamuuliza. Akasema, "Sijui, mama. Jafar naye alikuwa na arosto, na foleni ilikuwa ileile. Lazima tuwaulize wengi, tena kwa njia ambayo hatutajidanganya."

Sikuwa nimewahi kumsikia daktari akisema hajui. Nikampikia wali. Alipokuwa anakula nikamuuliza, kutojua huko mnafundishwa wapi? Akacheka, akasema yako mafunzo Maputo, daktari aliyekwisha kuhitimu anarudi kuwa mwanafunzi, ana mwalimu wa kumsimamia, anajifunza namna ya kuuliza, namna ya kulipima jibu, na kulipokea hata likimuudhi. Akaenda, akarudi. Aliporudi, vijana wa unga wenye virusi wakaanza kupewa dawa zao jioni pia. Wako waliorejea, wako ambao hatukuwaona tena, naye akaandika yote mawili. Ni yeye aliyetuambia kwamba Dar es Salaam ipo dawa ya kunywa inayozima arosto, ambayo kwetu bado haijafika, na Jafar akavuka Ruvuma kwenda kwa mjomba wake.

Dalila, udaktari wako bado mbichi na umeitwa mahali pawili, kliniki ya kambi ya gesi Palma na mafunzo hayo ya Maputo. Kaka yako Zuberi anataka uende Palma. Wewe jana ulisema hutaki kwenda kokote, utakaa uniuguze. Mwanangu, sina siku nyingi za kuuguzwa. Kambi itapata daktari mwingine, mshahara utamleta. Nenda Maputo. Kaulize kwa nini Hamido, kwa nini si Jafar, na ukilipata jibu usilipambe kwa ajili yangu. Ikiwa ni malezi yangu, andika malezi.

Zuberi, sema na ndugu yako, simu hiyo. Sema, nakusikia. "Jafar, hujambo?" Naam, Zuberi, hivyo hivyo. Jafar, umemsikia kaka yako? "Sijambo, kaka." Kwa leo inatosha, mengine mtaongea wenyewe.

Nawe Jafar, usije kunizika. Usilie kwanza, nisikilize. Dawa yako hunywewa palepale kliniki, kila siku, mbele ya muuguzi. Ukianza safari, arosto itakukuta mpakani, na wauza unga nao wako mpakani. Nizikeni bila kumngoja. Zuberi ataingia kaburini kwa niaba yake. Watu wakiuliza kijana yuko wapi, msiseme yuko kwenye biashara. Semeni yuko kwenye dawa, mama yake ndiye aliyemkataza kuja.

Nipe maji, Dalila... Kidogo tu.

Radhi zangu mnazo wote. Hamido pia nilimpa, aliondoka nazo. Mungu awaongoze... awape subira ya kuulizana. Dotora, wale vijana wa unga wakija mlangoni kuulizwa, wapeni chai kwanza, maswali baadaye... 

Nimechoka sasa. Jafar, kliniki wamefungua? Wamefungua... Basi kata simu, mwanangu. Nenda ukanywe.